Viatu Ukingoni mwa Jabali

Inspekta Masele alizipanga picha nne juu ya meza akifuata namba zilizoandikwa kwa penseli mgongoni mwa kila moja: kumi na saba, kumi na nane, kumi na tisa, ishirini na moja. Kisha akalivuta jalada la kijani, akalifungua ukurasa wa tatu, akasoma kwa mara ya tatu asubuhi ile.

"Marehemu Fabiani alikuwa mtu wa huzuni tangu tulipofika Peking. Tarehe 9 Mei 1975, siku ya matembezi ya kuona milima ya mawe katika jimbo la Kwangsi, aliondoka peke yake akapanda mlima. Sisi wawili tulibaki chini kwenye kibanda cha chai. Hakurudi. Wenyeji walipopanda walikuta viatu vyake vimepangwa vizuri ukingoni mwa jabali, naye yuko bondeni, amekufa. Kwa maoni yangu alijitupa kwa hiari yake."

Chini ya maneno hayo palikuwa na sahihi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Damiano, bwana shamba wa Mpanda aliyeongoza msafara wa watu watatu kwenda China kujifunza kilimo cha mpunga. Ya pili ilikuwa ya Gaspar, mkulima wa Usevya, nayo iliandikwa kwa herufi kubwa zilizoachana, za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani.

Mtu wa tatu wa msafara alikuwa marehemu mwenyewe, fundi wa mashine za kumwagilia maji. Mjane wake, Josefina, ndiye aliyekuwa ameketi mbele ya meza ya Masele, amejifunga khanga mbili na vumbi la safari bado limemganda miguuni. Alikuwa ametoka kijiji kimoja cha wavuvi kusini mwa Karema, siku mbili juu ya lori la samaki wakavu.

"Bahasha hii imekufikia lini, Mama Hilaria?" Masele aliuliza. Hilaria alikuwa binti wa kwanza wa Josefina.

"Jumanne ya wiki ile iliyopita. Ina stempu za China. Nikajua kabla sijaifungua kwamba inamhusu yeye. Nani mwingine huko ananijua?"

Ndani ya bahasha, pamoja na picha, kulikuwa na barua fupi ya Kiswahili safi, mwandiko mdogo kama wa mwalimu. Mwandishi wake alijitaja kuwa Lin, mkalimani wa kike aliyefuatana na msafara ule. Alitoa pole, akaeleza kwamba ruhusa ya kutuma picha imechelewa, halafu akaandika: "Siku ile mvua ilianza kunyesha. Niliwaomba ndugu wote watatu wasubiri kibandani, maana mawe yakilowa hayapandiki. Nikaenda kwenye basi kuchukua miavuli. Kamera yangu nilimwachia Ndugu Damiano. Niliporudi kibanda kilikuwa kitupu. Filamu niliikuta ndani ya kamera baadaye."

Masele aliikunja barua. "Unataka polisi wafanye nini, mama?"

"Nataka kujua alikufaje. Basi." Josefina aliendelea kwa sauti ile ile isiyopanda wala kushuka. "Taarifa ya bwana shamba ilipofika kijijini, katekista wetu alisema mtu aliyejiua hasomewi jina kanisani. Mwaka na miezi miwili sasa, halijasomwa hata mara moja. Hilaria akienda ziwani kuchota maji wenzake wanamwambia baba yako alijirusha Uchina. Amekuwa hataki kwenda. Maji nachota mimi."

Kutoka ndani ya khanga akatoa karatasi nyingine, imechakaa mikunjoni. "Na hii nimeileta. Aliniandikia kutoka Peking, ndiyo ya mwisho."

Masele akasoma. Fabiani aliandika kwamba amechoka, chakula hakimpandi, usingizi hauji, akifumba macho anaona maji tu, na kwamba Mungu akipenda ataondoka karibuni.

"Unajua barua hii inaweza kumwangusha mumeo?" Masele akauliza. "Mtu mwingine akiisoma atasema bwana shamba hakukosea."

"Najua. Katekista aliisoma, akasema hivyo hivyo. Lakini nimekuja nitafute kilichotokea. Sasa niwafiche nusu?"

Masele aliandika kwenye daftari lake kwamba barua ya Peking imepokelewa kwa hiari ya mjane. Alikuwa na miaka kumi na saba katika kazi ya upelelezi, kumi ya kwanza kwao Shinyanga, na angeweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja watu waliomletea karatasi ya kuwaumiza wenyewe.

Mkuu wa polisi wa wilaya hakufurahi. Alisikiliza akiwa amesimama, kofia mkononi.

"Masele, China ni China. Hapa Mpanda hatuwezi kupima hata urefu wa huo mlima. Andika kwamba picha zimepokelewa, funga jalada."

"Kifo kilitokea China, afande. Lakini taarifa imeandikwa hapa, imetiwa sahihi hapa. Kama ni ya uongo, huo uongo ni wa Mpanda."

Mkuu akavaa kofia. "Siku tatu."

*

Ofisi ya Damiano ilikuwa karibu na stesheni ya reli, na siku hiyo mabehewa yalikuwa yakipangwa, yakigongana kila dakika chache. Ukutani palining'inia kalenda ya hariri kutoka China: milima ya mawe imesimama wima kama nguzo, ukungu umeikata kiunoni, na mto unapita katikati. Damiano alikuwa mtu nadhifu, kalamu tatu mfukoni mwa shati, mkono mwepesi wa kusalimia.

"Karibu, Ndugu Inspekta. Nimesikia mjane yuko mjini. Masikini, mama yule hajakubali bado."

"Nimekuja kuandika vizuri tu," Masele alisema, akakaa, akafungua daftari. Bahasha aliiacha ndani ya koti. "Taarifa yako ni fupi, nami sijafika huko. Nieleze kama unamweleza mtu asiyejua kitu. Mlifikaje?"

Damiano aliegemea kiti. Alipenda kueleza. Walitoka mjini kwa basi dogo baada ya chai ya asubuhi. Njia nzima ni majaruba ya mpunga, na katikati ya majaruba, bila kilima wala mteremko wa kukuandaa, mawe yanachomoza kwenda mbinguni. Mlima ambao wageni hupelekwa una ngazi zilizochongwa, mia nane na zaidi, na mnyororo wa kushikilia.

"Hali ya hewa ilikuwaje?"

"Nzuri. Jua."

"Kibandani mlikaa muda gani?"

"Saa nzima. Zaidi."

"Gaspar alikaa wapi?"

"Mbele yangu. Tulikuwa tunaongea habari za mbegu."

"Hakuinuka?"

"Hakuinuka."

"Na wewe?"

"Ndugu Inspekta, mimi ndiye kiongozi wa msafara. Ningewezaje kuacha watu wangu?"

Masele aliyaandika yote, akamsomea, akamwomba atie sahihi chini ya ukurasa. Damiano akatia. Ndipo Masele akatoa picha ya kumi na nane, akaiweka juu ya ukurasa ule.

Ilionyesha watu wawili juu ya ngazi za mawe, wameshika mnyororo, wamevaa makoti ya mvua ya plastiki yanayong'aa kwa maji. Wa mbele alikuwa Fabiani. Wa nyuma, uso umekazana kama wa mtu aliyemeza shubiri, alikuwa Gaspar.

Mabehewa yaligongana huko nje. Damiano hakusikia.

"Mnyororo, makoti, mvua," Masele alisema. "Huyu Gaspar. Na kamera alikuwa nayo nani?"

"Picha hizi zimetoka wapi?"

"Nimekuuliza mimi."

Damiano alichomoa kalamu moja mfukoni, akairudisha. "Tulipanda kidogo. Kidogo tu, mpaka katikati. Mkalimani alikataza, sikutaka kumwingiza matatani. Mimi nilitangulia kushuka. Hao wawili niliwaacha juu."

"Kwa hiyo hukuona alivyoanguka."

"Sikuona."

"Lakini uliandika alijitupa."

Bwana shamba alisogea mbele, akapunguza sauti. "Nitakwambia kitu ambacho sikukiandika. Fabiani na Gaspar walikosana Peking. Walilala chumba kimoja, siku tatu hawasemeshani. Sikutaka kumchongea mtu wa nyumbani nchi ya ugenini. Lakini kama unataka kujua nani alikuwa naye mwisho, nenda Usevya."

Masele alifunga daftari. Alikuwa ameingia na taarifa moja ya uongo, sasa anatoka na mbili, na ya pili imemnyooshea kidole Gaspar.

*

Josefina alikuwa amefikia kwa wifi yake mtaa wa Kashaulili. Masele alimkuta uani akichambua mchele, akavuta kigoda, akatoa picha ya ishirini na moja pamoja na kioo cha kukuzia.

Hii ilikuwa imetikisika. Katika nusu yake ya kushoto Gaspar ameketi juu ya jiwe jembamba, mgongo umebanwa kwenye ukuta wa jabali, macho ameyafumba. Kulia Fabiani ameinama, mkono ameunyoosha kuelekea kwake. Nyuma yao hakuna kitu isipokuwa weupe wa ukungu na ncha za milima mingine. Mtu mwenye haraka angeweza kusema mkono ule unasukuma. Mwenye haraka zaidi angesema wanapigana.

"Itazame miguu ya mumeo, mama. Macho yangu hayaniambii sawasawa."

Josefina aliinamia kioo. "Yuko peku."

"Katika picha ya kumi na tisa amevaa raba nyeupe, na kamba zimefungwa. Ile ilipigwa kabla ya hii, namba zinasema. Na bwana shamba aliandika kwamba viatu vilikutwa vimepangwa. Mumeo alikuwa na kawaida gani na viatu?"

"Kawaida ya sisi wote. Akiingia mtumbwini anavua, anaviweka pamoja, kisigino kwa kisigino."

"Kwa nini anavua?"

Mwanamke alimtazama kama anayejiuliza huyu mtu amekulia wapi. "Ubao ukilowa kiatu kinateleza, afande. Mguu mtupu unashika. Hakuna mtu wa ziwani anayesimama kwenye ubao wenye maji amevaa kiatu. Ataanguka."

Masele alikirudisha kioo mfukoni. Kwa mwaka mzima watu walikuwa wamevisoma viatu vile kama barua ya kuaga. Hata watu wa ziwani hawakuambiwa kwamba mawe yalikuwa yamelowa. Anayetaka kuanguka hana haja ya kuvua viatu ili asianguke.

"Hapa alikuwa hataki kuteleza," alisema. "Nachotafuta sasa ni alikuwa anafanya nini."

"Na lile neno la kuondoka? La kwenye barua?"

"Msafara ulikuwa uondoke China tarehe kumi na nne. Nimeiona ratiba kwenye jalada. Alikuwa anahesabu siku za kurudi, mama."

Josefina aliendelea kuchambua mchele. Mikono yake haikusimama, lakini kwa muda mrefu hakuondoa hata changarawe moja.

*

Kesho yake asubuhi Land Rover ya polisi iliteremka kupitia Sitalike, ikavuka mbuga ambako mbung'o waliingia madirishani na dereva aliwapiga kwa kofia mpaka kofia ikapasuka. Walifika Usevya jua likiwa juu ya utosi. Kijiji kilikuwa kipya, nyumba zimepangwa mistari miwili, nyingi bado zinanukia udongo mbichi.

Nyumba ya Gaspar hawakuhitaji kuiulizia. Ndiyo peke yake iliyokuwa na mwanamke juu ya paa. Alikuwa amekaa juu ya kenchi, amejifunga kibwebwe, anapokea mafungu ya nyasi yaliyofungwa kwenye kamba na kuyashindilia. Chini, akifunga kamba, alisimama mwanaume mpana wa mabega, miaka arobaini hivi. Watu wawili waliokuwa wakipita walicheka bila kujificha.

"Marsela!" mmoja wao aliita. "Mwambie mumeo akuoe vizuri, au akupe suruali!"

Mwanaume yule alifunga fungu jingine.

Masele alisimama kando ya gari akatazama kwa dakika kadhaa. Palikuwa na ngazi nzima, imeegemezwa ukutani. Hakuna mwanaume wa Usevya ambaye angemwacha mkewe aezeke huku yeye amesimama na ngazi nzima kando yake, akichekwa na njia nzima, ila awe mgonjwa. Na huyu hakuwa mgonjwa. Alikuwa anabeba mafungu mawili kwa mkono mmoja.

"Ndugu Gaspar," alisema baada ya salamu, "kabla hatujaongea, nisaidie kitu. Panda ngazi hiyo mpaka juu, ushuke."

Gaspar aliitazama ngazi. Jasho lilimtoka kwenye mdomo wa juu, naye alikuwa kivulini.

"Mwache," Marsela alisema kutoka juu, bila ukali. "Hawezi. Tangu arudi huko hawezi hata kupanda kihenge cha nafaka. Mnataka nini kwake nyie?"

"Na kabla hajaenda?"

"Kabla alikuwa anapanda kwa shida. Sasa hapandi kabisa."

Masele alitoa picha ya ishirini na moja, akampa Gaspar. Mkulima aliishika kwa ncha za vidole. Akakaa chini, palepale juu ya nyasi.

"Nilijua iko," alisema. "Nilisikia kamera ikilia. Nikasema moyoni, hii siku moja itanifuata."

"Damiano anasema wewe na Fabiani mlikosana Peking."

"Ni kweli. Hoteli ilikuwa ndefu, chumba chetu juu kabisa. Nikakataa kusogelea dirisha. Fabiani akacheka, nikakasirika. Siku ya nne akaniomba radhi, akahamisha kitanda changu akakisogeza ukutani, mbali na dirisha. Yalikwisha hapo."

"Sasa nieleze mlimani. Taratibu."

Gaspar alieleza, na Marsela juu ya paa akaacha kazi akasikiliza.

"Afande, unavijua vichuguu vya huku kwetu, vile vinavyosimama katikati ya shamba? Basi fikiria kichuguu cha jiwe tupu, kirefu mpaka wingu linapita chini ya kichwa chake. Na si kimoja. Ni vingi, vimesimama huku na huku kama watu mnadani, na chini yao mpunga. Mpunga mzuri! Mimi nilitaka kubaki na mpunga. Mkalimani alipokwenda kwenye basi, Damiano akasema tumetoka Tanzania mpaka huku, turudi bila picha ya juu? Mvua yenyewe manyunyu. Nikasema mimi nabaki. Akasema nitaandika kwenye ripoti kwamba mjumbe wa Usevya aliogopa jiwe. Nikapanda."

"Mkafika kileleni?"

"Tulifika. Fabiani alifurahi sana, alisema ni kama ziwa limesimama. Mimi sikutazama. Kushuka ndiko kulikoniua. Kuna mahali mnyororo umekatika, hatua kama kumi hivi, jiwe jembamba, upande mmoja ukuta, upande mwingine hewa. Damiano alipita. Fabiani akapita. Mimi nilipofika katikati miguu ikakataa. Nikakaa. Nikafumba macho. Nikawaambia niacheni, nitakaa hapa mpaka nife."

"Damiano alifanya nini?"

"Alicheka. Akasema subiri, hii nitawaonyesha Mpanda. Akaipiga Fabiani aliponifikia. Ndiyo hiyo picha."

"Na Fabiani?"

"Alivua raba. Akaziweka pembeni. Akarudi. Akaniambia, nishike mkanda, usitazame chini, tazama mkono wangu. Akanigeuza uso kwenye ukuta. Jiwe halikutosha watu wawili, kwa hiyo akanipitisha ndani, yeye akapita nje. Hatua moja, nyingine, nyingine. Nikagusa mnyororo. Nikaushika kwa mikono yote miwili. Nikasikia kama kokoto zimedondoka. Nikageuka. Hayupo."

Kuku mmoja alikuja kuchakura kwenye nyasi, dereva akamfukuza.

"Hakupiga kelele," Gaspar alisema. "Hata hakupiga kelele. Mimi ndiye niliyepiga."

"Kwa nini ulitia sahihi ile taarifa?"

"Damiano alisema tumevunja amri ya wenyeji, tutafungwa huko huko, hatutaona watoto wetu. Akasema tuseme hatukupanda. Nikamwuliza, na viatu? Akasema viatu vitatusaidia. Tulipofika nyumbani nikataka kusema, akanijibu, sema, watu wote wajue mwenzako amekufa kwa uoga wako." Aliinua kichwa kumtazama mkewe. "Nikanyamaza."

Marsela alishuka ngazi polepole. Alipofika chini aliingia ndani, akatoka na shati safi, akamtupia mapajani.

"Vaa," alisema. "Unakwenda Mpanda."

*

Damiano aliitwa kituoni siku ya tatu, saa mbili asubuhi. Masele alimsomea maelezo ya Gaspar kuanzia mwanzo, akamwekea mezani barua ya mkalimani, picha zote nne, na ule ukurasa wa daftari wenye sahihi yake mbichi chini ya maneno "jua" na "hakuinuka".

"Huyo ni mkulima mwenye hofu," Damiano alisema. "Neno lake kwa neno langu."

"Sina haja ya neno lake. Picha ya ishirini na moja wamo wawili. Wewe uliniambia ulitangulia, hukuwaona. Nani aliipiga?"

Bwana shamba aliangalia mlango, kisha picha, kisha mlango tena.

"Sikumsukuma mtu," alisema mwishowe.

"Hakuna aliyesema umemsukuma. Aliteleza akiokoa mwenzake. Wewe uliona, ukaandika amejiua."

"Ningeandika nini? Kwamba nimevunja amri, mtu wangu akafa? Ningekuwa wapi leo?"

"Andika hayo hayo," Masele alisema, akamsogezea karatasi tupu. "Kwa maneno yako."

Ilimchukua saa nzima na karatasi tatu. Alipomaliza, koplo wa zamu alimsomea shitaka la kutoa taarifa ya uongo kwa mamlaka, akampeleka chumba cha pili. Kalamu zake tatu zilibaki juu ya kaunta, zimeorodheshwa pamoja na saa na mkanda.

Kisha Masele akamwita Josefina.

Gaspar alikuwa amesimama karibu na dirisha la ofisi, shati lake safi limemganda mgongoni. Mjane alipoingia, Gaspar alipiga magoti. Josefina alimwashiria ainuke, lakini hakuinuka, basi mwanamke akavuta kiti akakaa mbele yake, akamsikiliza hivyo hivyo. Gaspar alirudia yote, bila kuruka picha wala kicheko wala ile sahihi.

Masele alikuwa mezani, akifanya nakala ya maelezo ambayo Josefina angeondoka nayo kumpelekea katekista. Alitarajia kilio. Aliwahi kuona vilio vingi katika chumba kile na alijua pa kuweka macho yake.

Josefina hakulia. Aliuliza, "Aliporudi kukuchukua, alikuwa anacheka?"

"Hapana, dada."

"Alikuwaje?"

Gaspar alimtazama Inspekta kana kwamba anaomba ruhusa ya kutosema.

"Sema," Josefina alisema. "Wewe ndiye uliyemwona."

"Mkono wake ulikuwa unatetemeka. Nilipomshika mkanda nilisikia anatetemeka mpaka begani, kuliko mimi. Nikamwuliza, na wewe unaogopa? Akasema, naogopa sana, Gaspar, kwa hiyo twende upesi."

Josefina aliinamisha kichwa. Alipokiinua, macho yalikuwa na maji, lakini uso ulikuwa umetulia kwa namna ambayo Masele hakuwa ameiona tangu siku ya kwanza.

"Huyo ndiye Fabiani," alisema. "Kijijini tayari wameshaanza kunipa Fabiani wengine. Mara chizi, mara mlevi. Kesho watasema shujaa, mtu asiyejua hofu. Huyo simjui. Huyu namjua."

Akamgeukia Inspekta, akaionyesha karatasi kwa kidole.

"Na hilo umeliandika?"

"Bado, mama."

"Liandike. Aliogopa, na akarudi."

Masele aliangalia karatasi. Ukurasa ulikuwa umejaa mpaka chini. Akachukua mwingine, akaandika namba juu yake, akaanza.